Kikohozi cha Mjumbe wa Bondeni

"Usishuku kikohozi kabla hujakalia kiti," alisema Mwalimu Atuganile.

Walikuwa wanafunzi sita. Kesho yake asubuhi wangesafiri kwenda kwenye Baraza la Mataifa la Mfano, mkutano ambao kila shule hupewa nchi ya kuiwakilisha, nao wanafunzi hujadiliana kama mabalozi. Mwalimu Atuganile alistaafu zamani, lakini kila mwaka huitwa aje kuwasomea wajumbe kanuni. Alikuwa amefika kanuni ya nne, ile inayokataza kupeana ishara wakati wa kura, Lusajo alipomkatiza.

"Mwalimu, hiyo kanuni wenzetu wa ng'ambo ya mto hawaifuati. Mwaka jana walikuwa wanakuna pua. Mmoja akikuna, wote wanapiga kura ya hapana. Safari hii nimejiandaa." Akainua daftari jekundu. "Majina yao yote yamo humu."

Hapo ndipo mwalimu alipoitoa methali yake.

"Mbona hiyo hatujawahi kuisoma popote?" akauliza Bupe, msichana mdogo kuliko wote msafarani.

"Hamwezi kuisoma. Wahenga wake hawajafa bado, na mmoja mnamtazama. Ilizaliwa hivi. Lusajo, mwanangu, weka daftari chini usikilize."

*

Nilikuwa kidato cha tano. Mkutano wetu ulifanyika katika chuo kimoja cha ualimu hapahapa nyanda za juu, mwezi wa saba, ule mwezi ambao hata mbwa hulala jikoni. Madirisha ya ukumbi yalifungwa kutwa kwa ajili ya baridi. Waandaaji hawakutaka tugombane kwa sababu ya nchi za kweli, kwa hiyo walitunga nchi tano zinazotumia mto mmoja. Sisi tulipewa Mlimani, nchi yenye chanzo cha mto, na kazi yetu ilikuwa kupitisha azimio la kujenga bwawa.

Kila nchi ilikuwa na kiti kimoja mezani. Msaidizi alikaa safu ya nyuma. Kiti chetu nilikikalia mimi, na nyuma alikaa Ambwene, kijana mrefu mwenye macho ya mwewe, ambaye hata salamu yako aliipima kabla ya kuitikia. Kiti cha mwisho, kilichogusa pazia la ukutani, kilikuwa cha Bondeni, nchi ambayo bwawa letu lingeinyima maji. Alikikalia Somoe, msichana mwembamba kutoka Newala. Shule yake ilikuwa inaalikwa kwa mara ya kwanza.

Kanuni zilikuwa kumi na tulizikariri kama sala. Mjumbe hasemi "mimi", husema "ujumbe wangu". Mjumbe haleti shida zake binafsi mezani. Ishara ni marufuku. Kiti ulichopangiwa hukiachi wala hukibadili hadi mkutano ufungwe. Hiyo ilikuwa ya sita. Na kulikuwa na ya tisa, ambayo sisi tuliiona pambo tu: anayetaka kuushitaki ujumbe mwingine sharti kwanza aende akae kwenye kiti chao, awatetee kwa dakika tatu kana kwamba ni watu wake. Hakuna aliyekumbuka kuiona ikitumika.

Siku ya kwanza, tuliporudi kutoka kunywa chai, karatasi yetu ya hoja haikuwepo mezani. Tulitafuta chini ya viti. Tuliuliza. Kila tuliyemwuliza alitikisa kichwa, na kila aliyetikisa kichwa tulimwona mwizi. Nawaambieni ukweli, hadi leo sijui ilikwenda wapi. Pengine ilipeperushwa na upepo. Lakini upepo haukuwa na sura ya kuutazama kwa jicho kali, watu walikuwa nazo.

Saa sita na nusu mchana ikapigwa kura ya kwanza. Tukashindwa. Kwenye foleni ya chakula Ambwene akaninong'oneza, "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Yule wa Bondeni. Kakohoa mara mbili, wale wajumbe wa nchi ya Kisiwani nao wakainua kibao cha hapana."

"Baridi hiyo, Ambwene. Mtoto wa watu katoka kwenye joto."

"Mbona msaidizi wake hakohoi? Naye si katoka hukohuko? Halafu asubuhi nzima yule dada yuko kimya, ikikaribia kura anaanza. Baridi inajua ratiba?"

Nilicheka. Lakini neno lile liliingia kama mwiba wa samaki. Jioni, kura ya pili, saa kumi na moja na nusu, nikatega sikio. Somoe akakohoa. Mara moja, kisha mara mbili. Kisiwani wakainua kibao cha hapana. Tukashindwa tena.

Usiku huo nikafungua daftari.

Ndiyo, Lusajo, lilikuwa daftari langu, si la Ambwene. Nililichora mistari vizuri: saa, hoja, idadi ya vikohozi, matokeo. Kikohozi kimoja tukaamua ni ndiyo, viwili ni hapana. Kesho yake akakohoa mara tatu. Badala ya kujiuliza, tukakubaliana kuwa tatu maana yake ni "subirini". Aliposhika kitambaa mdomoni, niliandika "kitambaa". Alipokunywa maji, niliandika "maji". Alipomwita karani wa mkutano pembeni na kumnong'oneza jambo, nilipigia mstari mara mbili. Mara moja alinitabasamia kwenye birika la chai, akanisogezea kikombe. Niliandika: "Anajua kwamba tunajua."

Jambo moja tu hatukuliandika, kwamba hoja zetu zilikuwa dhaifu. Hilo daftari halikuwa na nafasi yake.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya azimio la bwawa. Ilipofika saa sita na robo, mwenyekiti, mkufunzi mmoja aliyeitwa Kihwele, akatangaza kuwa kura inakaribia. Nikainua kibao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ujumbe wa Mlimani unaushitaki ujumbe wa Bondeni kwa kuvunja kanuni ya nne. Ushahidi tunao, umeandikwa."

Ukumbi ulivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Nilisoma daftari lote, saa kwa saa, kikohozi kwa kikohozi. Nilisoma kwa sauti nzuri; nilikuwa na sauti nzuri. Nilipokaa, niliona watu wa Kisiwani wakimtazama Somoe kwa wasiwasi, kana kwamba hata wao wameanza kujiuliza kama waliwahi kuashiriwa.

Mwenyekiti alivua miwani. "Bondeni, mnaijua adhabu. Mjumbe hurudishwa kwao leo hii na barua kwa mkuu wa shule, na shule haialikwi tena kwa miaka mitatu. Jambo hili ni zito. Tutalisikiliza baada ya chakula."

Somoe akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ujumbe wangu unaomba kanuni ya tisa itimizwe. Na itimizwe sasa hivi, kabla ya chakula."

"Kwa nini sasa?"

"Kanuni haisemi mshitaki apewe muda wa kula kwanza, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Ambwene akaniinamia kutoka nyuma. "Usikubali. Anaharakisha nini? Kuna mtego hapo."

Hata mimi nilinusa mtego. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshafungua kijitabu chake, akasoma, akakifunga. "Mlimani, kiti kile. Dakika tatu."

Nikaenda. Somoe alinipisha, tukapishana kifua kwa kifua. Nikakaa. Kiti kilikuwa kama viti vingine. Nikaweka mikono mezani, nikaanza kwa majivuno, nikitaka kumaliza haraka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ujumbe wa Bondeni haukutoa ishara yoyote. Watu wa Bondeni ni watu wa..."

Kitu kikanichoma kooni. Nikameza mate. Kikapanda puani, machozi yakanijaa.

"... ni watu wa amani, wala..."

Nikakohoa. Mara moja, kisha mara mbili.

Sauti kutoka upande wa Kisiwani ikauliza, "Jamani, anamwashiria nani huyo?"

"Viwili ni hapana!" akaitikia mwingine.

"Amekataa azimio lake mwenyewe!"

Vicheko vikapasuka. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono yote miwili, nakohoa hadi mbavu zinaniuma. Mwenyekiti hakucheka. Alitazama saa. "Zimebaki dakika mbili, Mlimani. Endelea kuwatetea."

Nikaendelea. Nilisema neno moja, nikakohoa mara nne. Sijui nilisema nini. Najua tu kwamba lilipokuja neno "Bondeni hawana hatia" halikuwa tena neno la kutimiza kanuni tu; nililimaanisha.

Dakika zilipokwisha, karani alikuja akafunua pazia. Usawa wa goti ukutani palikuwa na tundu la duara, mahali palipopita bomba la jiko la zamani. Upande wa pili lilikuwa jiko la chuo. Upepo mwembamba wa moto ulitoka pale, na ndani yake harufu ya pilipili kavu inayokaangwa. Karani akapiga magoti, akaita tunduni. Sauti ya mzee ikajibu kutoka ng'ambo:

"Nani huyo? Kwani pilipili inafika huko? Samahanini wanangu! Wakufunzi hawa hawali wali bila pilipili ya kukaanga, mchana na jioni!"

Mchana na jioni. Saa sita na nusu, saa kumi na moja na nusu. Daftari langu lilikuwa limeandika ratiba ya mpishi.

Mwenyekiti akamgeukia Somoe. "Kwa nini hukuomba kuhamishwa?"

"Aliomba," akasema karani, akitazama sakafu. "Siku ya kwanza aliniita pembeni. Nilimsomea kanuni ya sita. Siku ya pili akaniita tena, nikamwambia mjumbe haleti shida zake binafsi mezani."

Ule mnong'ono niliokuwa nimeupigia mstari mara mbili ulikuwa huo.

Mshitaki aliyeshindwa alikuwa na adhabu yake pia. Mlimani tulinyang'anywa kura hadi mwisho wa mkutano, na bwawa letu likafa hapohapo. Ambwene hakunisemesha mpaka tulipofika nyumbani. Kiti cha Bondeni kikasogezwa mbali na ukuta, na mwenyekiti akaiondoa kanuni ya sita kwa mkono wake, kwa wino mwekundu.

Wakati wa chakula nilimfuata Somoe. Alikuwa amekaa peke yake, anakula wali bila pilipili.

"Dada, nisamehe."

"Kaa," akasema.

Nikakaa. "Ungeniambia tu. Pale kwenye chai ungeniambia, ningeelewa."

Aliweka kijiko chini. "Ningekuambia, si ungeandika?"

Angekuwa amesema kweli, nami ningeiandika kama hila.

"Ulikishuku kikohozi kabla hujakalia kiti," akasema, akarudi kwenye wali wake.

Waliokaa meza ya jirani walilisikia neno lile. Kufikia jioni lilikuwa limezunguka mabweni yote. Asubuhi tulilikuta limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa jiko, na mpishi alikataa katakata lifutwe. Mwaka uliofuata lilichapwa chini ya karatasi ya kanuni. Tangu hapo watu hulisema kwenye mabaraza, kwenye ofisi za walimu, hata kwenye vikao vya harusi, wala hawajui kwamba lilitoka kwenye tundu la bomba.

*

Mwalimu Atuganile alimaliza hadithi. Bupe ndiye aliyeuliza.

"Na daftari, mwalimu? Ulilichoma?"

"Nilitaka kulichoma. Somoe akanizuia. Aliliomba siku ya kufunga mkutano, akakaa nalo kidogo, akanirudishia."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa daftari lililopauka, lenye pembe zilizoliwa na mende. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akampa Lusajo asome kwa sauti. Mistari ilichorwa vizuri, safu nne. Mwandiko wa juu ulikuwa wa haraka na wa kulala. Mstari wa chini kabisa ulikuwa na mwandiko mwingine, wa polepole, uliosimama.

Lusajo akasoma: "Saa, sita na dakika ishirini na tano. Hoja, utetezi wa Bondeni. Vikohozi, kumi na tisa. Matokeo..." Akasita.

"Soma, mwanangu."

"Matokeo: sasa anajua."

Lusajo alilifunga daftari lile kuukuu, akalirudisha kwa mikono miwili. Kisha akalitazama lake jekundu, lenye majina ya watu waliokuna pua.

"Mwalimu," akasema, "ule ukumbi wa mwaka jana... wale walikaa chini ya feni. Feni yenyewe ilikuwa na vumbi."

"Mimi sikuwepo," akajibu Mwalimu Atuganile, akiinua tena karatasi ya kanuni na kuvaa miwani. "Lakini kama na wao walikuwa na wahenga wao, nadhani wangekuambia hivi: usishuku kikohozi kabla hujakalia kiti. Haya, tulikuwa kanuni ya nne."