Alama ya Zimwi na Kunde za Mama

Sogeeni, wanangu. Nimechoka, kwa hiyo sikilizeni, sirudii.

Zimwi lilimkwaruza Mwanaidi mkononi, likanguruma: "Hiyo ndiyo alama yangu. Nikirudi nikaikuta, nakumeza!"

Mwanaidi alikuwa hoi, hata kutafuna hataki. Mama yake akamsihi: "Kula kunde, mwanangu. Tonge moja litakupa nguvu, jingine litageuka ngozi."

Akala, akalala. Akala, akalala. Akala, akalala.

Zimwi likarudi, likaugeuza ule mkono huku na huku. Ngozi mpya tupu!

"Nani kaifuta alama yangu?"

"Kunde," Mwanaidi akajibu, akipiga miayo.

Zimwi likaenda zake na njaa yake.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Sasa nipakulieni na mimi. Leo shamba limenikwaruza kila mahali.