Masale ya Bibi Aikaruwa

Haya ya kuuliza hupita. Haya ya kutouliza hulala nawe.

Mkunde, uliponiuliza usemi huu umetoka wapi, ulikuwa bado umeuma kalamu, na kitabu chako cha Kiingereza kimefunguka mapajani. Sikuusema ili nikuumize. Sogea, na mdogo wako asikie. Methali hii ilianza hivi.

Ilianza kabla hakujapambazuka, kwa mlio wa panga likikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Likate, linyamaze. Likate, linyamaze. Mama mkwe wangu, Bibi Aikaruwa, alikuwa bandani akimwandalia ng'ombe wake, kibatari kikiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nje ya mlango alikuwa amesimama kijana, na hakubisha hodi.

Kijana huyo aliitwa Elinami. Enzi hizo, huku kwetu mlimani, ni yeye peke yake aliyekuwa amemaliza sekondari. Wazee walimwita Mwalimu ingawa hakufundisha popote, na akina mama walimwekea ndizi zilizoiva vizuri. Basi alipokuja mama mmoja mgeni, mtaalamu wa mabomba, kutuletea maji, hakuna aliyeuliza nani atafasiri.

Mgeni alisimama uwanjani akaanza kuongea. Elinami alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu. Kumbe yaliyomshinda ni mafupi. Shuleni alikariri kwamba "run" ni kukimbia. Sasa mama yule akalitumia kwa maji, akalitumia kwa bomba, akalitumia hata kwa ofisi anayoiongoza, na kichwani mwa Elinami maji, bomba na ofisi vikawa vinakimbia pamoja kuteremka mlima. Kabla hajavikamata, likaja "get" kwa maana tatu ndani ya sentensi moja, na "set" nyuma yake. Vineno vya herufi tatu tu, lakini kila kimoja kina vyumba vingi kama nyumba ya tajiri, naye alikuwa amekaribishwa sebuleni tu.

Angeweza kusema, "Samahani mama, rudia." Lakini kijiji kizima kilikuwa kinamtazama. Mama yake mzazi alikuwa amevaa kitenge cha kanisani kwa ajili yake. Akatugeukia, akasema, "Mgeni anasema ardhi yetu ni nzuri, na maji yatakuja."

Nasi tukaitika, "Eee."

Mnaijua desturi yetu. Mtu akiongea, unamwitikia kila anapovuta pumzi, asijione anaongea na ukuta. Kuitika si kukubali. Ni kumpa kigoda akalie. Mgeni hakulijua hilo. Aliuliza jambo, tukaitika. Akauliza tena, tukaitika kwa nguvu zaidi. Akatushukuru sana, akaondoka akitabasamu.

Juma lililofuata vibarua wakaja na majembe. Walianzia kwenye ukingo wa kihamba cha Bibi Aikaruwa, shamba la migomba la ukoo, pale yalipokuwa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda makaburini. Chini yake alilala mtoto wake wa kwanza, Ndekirwa, ambaye hakuwahi hata kutembea. Bibi aliporudi kutoka mferejini alikuta masale yametupwa kando, mizizi juu. Kaburi lenyewe walikuwa hawajalifikia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye udongo ule, akaweka viganja vyake juu yake kama anayemfunika mtu.

Mzee Mangalili, mwenyekiti wa mfereji, akawaka. "Huyu mama amekuja kwa maji au kwa mifupa yetu? Mwalimu, mwambie afungashe leo hii!"

Mgeni alikuwa akilia. Alimwambia Elinami polepole, neno moja moja, "Niliuliza kama naweza kuchimba hapa. Wote mliitika."

Safari hii Elinami alielewa kila neno. Akatugeukia, akafungua mdomo. "Anasema... anasema atafikiria." Kisha akashindwa kuendelea. Mzee Mangalili akampigapiga begani: "Pole, Mwalimu. Umejitahidi." Upole ule, wajukuu wangu, ulimchoma kuliko fimbo.

Ndiyo maana alfajiri ile alikuwa nje ya banda. Panga likanyamaza.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama. Elinami."

"Tangu lini mlango wangu ukaogopwa? Ingia, umande utakuua."

Hakuingia. Alinyoosha mkono wenye jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, anayekuletea isale anaomba msamaha, na huwezi kumfukuza.

"Wewe umenikosea nini, mwanangu? Si yule mgeni?"

"Mgeni aliuliza, mama. Mimi sikumwelewa. Nikawaambia ya kutunga."

Ng'ombe alitafuna. Bibi aliweka panga chini.

"Mbona hukumwambia arudie?"

"Niliona haya."

"Na sasa huoni?"

"Sasa ndiyo naona. Nimelala nayo, nimeamka nayo."

"Ungeuliza, tungekucheka," alisema Bibi. "Mangalili angekucheka mpaka pombe ya mbege imtoke puani. Kisha tungekunywa chai, yakaisha." Akalipokea jani. "Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye yale waliyoyatupa."

"Basi shika kibatari. Twende tukayapande kabla jua halijayakausha."

Waliyarudisha yote kwa mikono. Bibi alipomaliza kushindilia la mwisho alisema, "Mimi nimekusamehe. Lakini wengine bado wanamlaani mgeni."

Asubuhi hiyohiyo Elinami alisimama mbele ya watu akasema kosa ni lake. Mama yake alijifunika uso kwa kile kitenge cha kanisani. Hakuna aliyecheka. Mgeni alipoelezwa, aliomba aonyeshwe makaburi yote, akaupitisha mtaro mbali nayo. Elinami alitembea naye kutwa, na kila kineno kifupi kilipomtatiza aliinua mkono: "Hapa lina maana gani?" Watoto walimfuata wakimwiga, mikono juu. Aliwaacha waige.

Maji yalikuja. Lakini Elinami hakupita tena mbele ya nyumba yetu. Alizunguka kwa njia ya juu, hata akiwa amebeba mzigo. Bibi Aikaruwa alimwona mara nyingi kati ya migomba, akatikisa kichwa. Mwishowe akaniita, mimi mwali wake mpya, akanipa kichane cha ndizi mbivu.

"Mpelekee Elinami," aliniambia. "Mwambie hivi: haya ya kuuliza hupita; haya ya kutouliza hulala nawe. Na yake imeshalala vya kutosha, aiamshe iende zake. Mwambie masale yamechipua. Mwambie aje tena."