Honi Moja ya Namba Kumi na Saba

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya kina sungura, palikuwa na uwanja wa magarimoshi makuukuu. Yalipangwa kwenye nyasi, kutu juu ya kutu, wageni wakija kuyapiga picha. Mfagizi wake alikuwa Bi Mwanaidi.

Marehemu mumewe alikuwa mchochea makaa wa garimoshi namba kumi na saba. Miaka ishirini alikula moshi, na honi hakuigusa hata siku moja, maana kamba ya honi ni ya dereva. Alikufa na hamu yake. Jambo hilo lilimuuma Bi Mwanaidi, akaapa kwamba ipo siku ataivuta yeye kwa niaba yake.

Wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, walikate namba kumi na saba. Bi Mwanaidi akafungua tanuru lake la makaa. "Kuku wangu ameatamia. Nani kati yenu atamwondoa?"

Wakatazamana. Ana laana gani mtu wa kumfukuza kuku juu ya mayai yake? Wakarudi baada ya siku ishirini na moja, ameatamia kuku mwingine. Wakarudi tena, mwingine! Miaka minne hiyo, mpaka wakachoka wenyewe.

Ndipo akaja fundi Musyoka kulifufua, akaziba matundu ya boila, lile pipa la kuchemshia maji, mwaka mzima, nyusi zikaungua zote mbili. Mzee Barasa naye akaitwa, dereva wake wa zamani, maana bila yeye hakuna aliyejua kipi cha kufungua na kipi cha kufunga.

Siku ya kuliwasha, watu walijaa pomoni. Msimamizi wa uwanja akatangaza, "Boila limezeeka. Mvuke unatosha honi moja tu. Nani atavuta?"

Mikono mitatu ikarukia kamba.

"Tangu lini kamba ikashikwa na asiye dereva?" akafoka Mzee Barasa. "Na mvuke nimeupandisha mimi!"

"Ungekaa wapi huo mvuke, mzee? Kwenye matundu?" akasema Musyoka. "Mimi nimetoa nyusi zangu!"

"Bila kuku wangu, mwanangu, leo ungekuwa unaziba sufuria," akasema Bi Mwanaidi. Kisha akamgeukia dereva. "Na wewe, shemeji Barasa, mume wangu alikuchochelea moto miaka ishirini. Ulimwachia kamba hata mara moja?"

Mzee Barasa akainamisha kichwa. Kamba hakuiachia.

"Jamani, mvuke unapungua!" msimamizi akalia.

Haya, ninyi mnaocheka, semeni upesi kabla boila halijapoa: nani alistahili kuivuta?