Mayai Yaliyovaa Helmeti

Akina mama, haya ninayosema yaishie humu humu. Mwenye mkasa aliniapisha nisimwambie mtu, nami nimekaa nayo tangu juzi. Basi apeni na ninyi, halafu sogeeni.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, wa usharika wa ng'ambo ya mto. Jina silitaji. Kila Jumapili alisimama getini kukagua baiskeli za vijana: anaminya breki, anabonyeza tairi, anatazama vichwa. Binti mmoja wa kwaya alikuja bila helmeti, akamrudisha kwao kwa miguu, hata wimbo wake hajauimba.

Mkewe alikuwa amechoka naye. Kila mwezi anamnunulia ndala, na kila mwezi ya kulia inatoboka kisiginoni, ya kushoto iko kama imetoka dukani leo.

"Mguu wangu wa kulia ni mzito," mzee anasema.

Mguu gani huo, wapendwa? Mwanamke akanunua nyingine, lakini jicho likabaki kwenye kisigino.

Ikafika Jumapili ya mavuno, sadaka zinapopigwa mnada baada ya ibada. Mzee akatoa baiskeli.

"Panda nyuma, Mama Tuzo, tunachelewa."

"Breki umekagua?"

"Baiskeli hii naijua kuliko wewe unavyoijua sufuria yako."

"Na helmeti?"

"Si hiyo hapo."

Ilikuwa imening'inia kwenye usukani, imejaa mayai, yamelazwa kwenye pumba moja moja kama watoto wachanga.

"Mayai ni ya Bwana," akasema mzee.

"Na kichwa ni cha nani, Baba Tuzo? Tangulia. Mimi nina wajukuu wa kulea, nakwenda kwa miguu."

Haya, jina limeniponyoka. Tuendelee.

Kanisa lao liko chini ya mteremko. Watu wote wako nje wanangoja kengele, wakamwona mzee anashuka, kisigino kakikandamiza kwenye tairi la nyuma, ndala inanuka kuungua. Ndiyo breki yake hiyo, miaka yote. Ukanda wa ndala ukakatika. Mzee akaingia kwenye ua wa michongoma, kichwa mbele, mkono mmoja juu kaishika helmeti. Hakuna yai lililopata ufa. Paji la uso lilishonwa nyuzi saba.

Yule binti wa kwaya akaiinua baiskeli, akaminya breki. Waya unaning'inia tu.

"Mzee," akauliza taratibu, mchungaji anasikia, "na wewe getini hukaguliwa na nani?"

Mkewe akafika, akaokota ndala, akapitisha kidole kwenye tundu, akaiinua juu kila mtu aone.

Na sisi je? Breki za jirani tunaziminya, zetu tunazimalizia kwa kisigino. Helmeti tunazo, tunayavisha mayai, maana mayai yatapita mnadani na watu watasifu. Kichwa ulichopewa hakina cha akiba nyumbani. Kagua chako kwanza, tena kabla hujapanda. Mteremkoni hakuna ukaguzi.

Mmeitikia amina upesi mno. Mlipokuwa mnaimba pambio nilitoka kidogo nikazipitia zile baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Moja breki hazishiki, na helmeti yake imejaa nyanya. Hii hapa, nimekuja nayo.

Mama mwenyekiti, mbona umeinama? Njoo uchukue nyanya zako.