Mdomo wa Baba Kwenye Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na walio nyuma waitike!

Pakawa!

Hapo kale, ndege na wanyama walipokuwa bado wakisemezana, mke wa Hondohondo alitema kuyu. Pwa! Likaanguka chini.

"Baba Kifungua, hili halijaiva. Nikuambie mara ngapi? Libonyeze kwanza kwa ncha ya mdomo. Likikataa, liache."

"Tunda ni tunda, mke wangu."

"Haya. Kaa hapa na wanao, nikakuletee tunda."

Akaruka. Vwuu, vwuu, vwuu. Neno lao la mwisho likawa hilo, la kuyu. Kipanga alikuwa akizunguka juu ya mto. Mke wa Hondohondo hakurudi.

Desturi ya hondohondo mnaijua? Mama akitaka kutaga huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo. Hubaki ufa mwembamba. Baba huleta chakula, hupenyeza mdomo, hulisha. Watoto wakianza kukua mama hutoka, nao huuziba mlango tena wenyewe, kutoka ndani, nyoka asiwafikie. Katika giza hilo walikuwamo Kifungua na mdogo wake Kitinda. Hawajawahi kuona hata jani.

Hondohondo aliomboleza. Alilisha wanawe huku akiomboleza. Kisha akaanza kuuliza. Hakupiga kelele, alikuwa ndege anayependa jambo lisemwe sawasawa.

"Mungu ni mwema," alisema. "Na Mungu alimwona kipanga. Haya mawili nayajua. Nataka kujua yanakutania wapi."

Akamwendea Fuko. Fuko akatoa pua shimoni.

"Pole, ndugu yangu. Lakini Mungu yuko chini. Vitamu vyote viko chini. Mkeo angechimba, angekuwa hai."

Akamwendea Twiga. Twiga akatafuna, akatafuna, akameza.

"Mungu yuko juu, shemeji. Mambo yake yanataka shingo. Hiyo yako, samahani, ni ya kufikia wapi?"

Hondohondo akarudi mtini. "Kila mtu amempima Mungu kwa mwili wake," alisema. "Basi siruki. Sichumi. Mpaka nielewe."

Akatua juu ya tundu, akafunga mdomo. Asubuhi ikapita. Jua likafika utosini. Ndani ya mti ikaanza: chwii, chwii, chwii.

"Baba hajaja," alisema Kitinda.

"Atakuja. Baba ni mdomo. Mdomo hauna pa kwenda."

"Baba si mdomo! Baba ni harufu ya makuyu."

"Mdomo! Nimeung'ata mwenyewe."

"Mama alisema ana mabawa."

"Mabawa ni kitu gani?"

Kitinda akafikiri. "Nadhani ni kitu kinachomchelewesha."

Hondohondo, pale juu, alitaka kucheka. Akayatazama mabawa yake, moja, halafu la pili. Wamekosea, alijiambia. Lakini aliyeng'atwa ni mimi kweli.

"Kaka," Kitinda akanong'ona, "asipokuja tutakufa?"

Vwuu! Hondohondo akaruka. Akanyakua kuyu la karibu, akarudi mbio. Ko, ko, ko, mdomo ukapita ufani.

"Chungu!" Kitinda akalitema. "Mama angekusema, Baba."

"Angenisema kweli."

"Mama yuko wapi?"

Hondohondo akafungua mdomo. Amweleze kipanga? Kipanga yuko angani. Aeleze anga? Kwa neno lipi, kwa mtoto ambaye dunia yake ina upana wa tundu?

"Hayupo, mwanangu. Hatarudi hapa. Nikikueleza yote leo, hayatakuingia."

"Kwa sababu hutupendi?"

"Kwa sababu bado mko ndani."

Kitinda akausogelea ufa. Kisha, kwa sauti ya mtoto anayetaka tu kujua:

"Na wewe, Baba? Wewe uko ndani ya nini?"

Hondohondo alitazama juu, pale anga linapoonekana kama limekwisha. Akatazama muda mrefu.

Nanyi watoto, na wakubwa mliojikalia kimya, sikilizeni. Mdomo ulioingia ufani ulikuwa Baba mwenyewe, si mwingine. Ila Baba hakuishia ufani. Ndivyo tunavyomjua Mungu kwa Kristo aliyetujia: tulichopewa ni kweli, na tusichokijua hakina mwisho. Tuulize, hakuna dhambi. Lakini tusiache kuwalisha wanaotungoja eti kwa sababu hatujajibiwa.

Asubuhi iliyofuata, Hondohondo alikwenda mkuyuni. Akalibonyeza kuyu kwa ncha ya mdomo. Likakataa, akaliacha. Akabonyeza jingine, na jingine, mpaka likapatikana lililobonyea. Akalibeba taratibu, akalipenyeza ufani.

Ngano yangu imetua hapo. Mwenye mabawa aichukue.