Aliyeitwa Baada ya Kuzikwa

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao, maana mwisho nitawauliza, na sitaki kutazamwa kama ng'ombe anavyotazama basi.

Palikuwa na mahakama kwenye mji wa baridi, kule wanakolima viazi. Ndani yake walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Hakimu Kalinga alijaliwa haki. Hakuhukumu hata kesi ya kuku bila kuona kila karatasi. Karatasi moja ikipungua alisema, "Iahirishwe," na hakuna aliyewahi kudai kaonewa.

Karani Tusajigwe alijaliwa huruma. Jalada likipotea, na yalikuwa yanapotea kama sindano, hakumfukuza mtu. Alifungua jalada la muda papo hapo, mwenye kesi asikose zamu yake. La zamani likionekana, lilirudi kabatini, na la muda likaendelea na safari yake. Kuyaunganisha? Nani alimtuma?

Mzee Ngwembele, mwita watu, alijaliwa sauti. Alisimama mlangoni akaita jina mara tatu, na wauza mitumba kule sokoni wakageuka.

Basi, mtu mmoja aitwaye Ambakisye akashtakiwa kwa kuiba ndama wa jirani. Alitaka kukimbilia kwa wajomba zake, mkewe Sekela akamzuia, akamwambia mwenye haki hakimbii. Akajipeleka mwenyewe, wakamweka mahabusu angoje kesi. Ngwembele akaita, Tusajigwe akalikosa jalada, akafungua la muda, Kalinga akaahirisha. Ndama akaonekana bondeni, akakua, akazaa. Karatasi ya kuonekana kwake ikaingia jalada la zamani, kesi ikaendelea kusomwa kwenye la muda. Ambakisye akakohoa mahabusu mpaka akafa. Karatasi ya kifo nayo ikaenda kulekule kwa ndama. Kwa hiyo katika jalada moja mtu kafa, katika jingine yu hai na anangoja.

Wakamzika migombani, nyuma ya nyumba yake. Ngwembele mwenyewe alishika jembe.

Siku ya kesi ikafika. Ngwembele akapewa orodha, akaliona jina. Akasita, halafu akaita, maana yeye huita alichoandikiwa. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, kwenye benchi la washtakiwa lisilo na mtu, ikatoka sauti iliyochoka kwa kukohoa.

"Nipo."

Watu wakakimbia, wengine kupitia madirishani. Karani akanong'ona, aandike nini? Hakimu akalitazama lile benchi kitambo.

"Andika mshtakiwa yupo," akasema. "Karatasi hazijakamilika. Iahirishwe."

Siku hiyo Sekela alikuta kaburi limetitia, kama godoro mtu akiinuka. Akalijaza udongo. Kila mumewe alipoitwa, likatitia tena. Jembe likamchubua viganja, na wanawe wakaacha kupita migombani.

Akaenda kwa wazee wa ukoo. Wakamwambia, aliyekufa na kesi hulazwa na yule aliyemfunga. Aje amwage maji kaburini na kusema, "Kesi yako imekwisha, lala." Mdomo mmoja, tena mara moja tu. Akisema asiyehusika, marehemu ataona kapewa tarehe nyingine, na hatalala milele.

Sekela akawaendea wale watatu, akidhani watamfungia milango. Wapi. Hata wao ile sauti ilikuwa imewakondesha. Asubuhi ya siku ya kesi, wote walikuwa uani kwake. Lakini walipoliona kaburi, ndimi zikageuka.

Kalinga akasema yeye angehukumu nini bila karatasi, na karatasi hutunzwa na karani.

"Majalada yote mawili yalikuwa kabatini, mheshimiwa," Tusajigwe akamjibu. "Miaka yote hiyo hukuwahi kuniuliza." Akamgeukia Ngwembele. "Na wewe baba, umemzika kwa mkono wako, ukamwita kwa mdomo wako."

"Jina uliandike wewe, halafu ulaumu koo langu?" Ngwembele akasema. Kisha akamtazama mjane. "Na wewe, mama Lugano? Nani alimwambia ajipeleke?"

Sekela akasogea kaburini. Kibuyu cha maji alikuwa nacho mkononi.

Saa ya mahakama ikafika. Siku hiyo hapakuwa na wa kuita jina. Mwita alikuwa amesimama hapo kati ya migomba, kafumba mdomo. Lakini udongo ukaanza kushuka, taratibu, kuanzia upande wa kichwani. Ambakisye alikuwa amezoea. Alikuwa anaondoka mwenyewe.

Haya. Haki ya hakimu, huruma ya karani, sauti ya mwita, na neno la mke. Msiniambie wote, wamefunga pamoja. Kibuyu ni kimoja, na ukisema wote, umeahirisha. Udongo unashuka. Je, wewe ungemkabidhi nani kibuyu?