Fungu la Mwisho la Bi Mwashamba

Hapo zamani, na si zamani ya mbali maana simu za mkononi zilikuwepo, palikuwa na ofisi ya kugawa anwani za mtandao. Anwani zenyewe ni namba. Mtambo usio na namba haupatikani mtandaoni. Mtunza daftari alikuwa Bi Mwashamba, na alijivunia jambo moja: miaka ishirini hajamrukisha mtu foleni. Hata shemeji yake alisubiri, akanuna, akasubiri tena.

Anwani zikagawiwa, zikagawiwa, likabaki fungu moja, la kumtosha mwombaji mmoja tu. Za aina mpya zilikuwepo tele, lakini mitambo mingi ya nchi ile ilikuwa haijazitambua.

Jumatatu akaja Kalunde, aunganishaye shule za vijijini na mtandao. Bi Mwashamba hakuona orodha ya mitambo kwenye fomu, akamrudishia. Sheria ilikuwa hiyo: ombi pungufu hurudi, na likija tena hushika mkia. Jumanne likaja ombi la Daktari Ndekirwa wa hospitali ya wilaya, kamili kabisa. Jumatano Kalunde akarudi na fomu mpya, ile ya kwanza ameiambatisha, bila kulalamika. Alhamisi akaja Mzee Shekalaghe, mwenye kiwanda cha chai.

Bi Mwashamba akainua muhuri ili ampe daktari fungu. Kabla hajagonga, akaigeuza fomu ya kwanza ya Kalunde. Orodha ilikuwa nyuma ya karatasi.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini fahari yake ilikuwa ya kweli, ikamuuma. Akawaita wote watatu.

"Kosa ni langu," akasema. "Sikugeuza karatasi."

Kalunde akainua kichwa. "Basi mimi ni wa kwanza, mama. Sikupungukiwa kitu."

"Na mimi nilifuata sheria yenu neno kwa neno," akasema daktari. "Kwa nini wagonjwa wangu walipie kosa la ofisi?"

Mzee Shekalaghe akakohoa. Miaka mitatu nyuma alikuwa na anwani asizozitumia, akazirudisha bila kuombwa. "Fungu hilo ndilo nililorudisha," akasema. "Ningelikalia, leo msingekuwa na la kugombea. Sasa kiwanda kimekua, nalihitaji."

Wote wakamtazama Bi Mwashamba. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, muhuri ulimwia mzito mkononi, na bado alijivunia kuushika.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, ushikeni nyinyi. Aliyetangulia, aliyetimiza, au aliyerudisha: je, nani alistahili?